Maji ya Kunde Yaliyogeuka Jivu

Dani aliomba video isimamishwe. Tulikuwa sebuleni kwake, ndani kidogo kutoka barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, watu kama kumi na wawili na watoto sakafuni, na kwenye televisheni binti yake, ambaye mimi ni mama mdogo kwangu, alikuwa anacheza. Kipande hicho kilitoka kwenye ayie ya mwanawe mwaka uliotangulia. Fundi wa video alikiweka mwanzoni mwa video ya matanga, kama wanavyofanya wote, ili marehemu aonekane akiwa hai kabla jeneza halijaingia. Dani aliangalia, akasogeza kiti, akaangalia tena. "Nyathina," akaniambia, "mbona mmempaka jivu?"

Hakuna aliyempaka jivu. Kipande chenyewe nilikishuti mimi kwa simu, na bado nilikuwa nacho. Nikakifungua nikamwonyesha. Kwenye simu mama mdogo alikuwa maji ya kunde, rangi yake ya siku zote, na gauni lake jekundu limeiva. Kwenye televisheni alikuwa mtu yuleyule, hatua zilezile, bega lilelile linalotangulia wimbo, lakini kama ametoka kusaga unga. Nywele nyeusi zimekuwa za kijivu. Gauni limekuwa kama limefuliwa mara mia na kuanikwa juani. Dani alishika simu kwa mikono miwili akasema huyu wa kwenye simu anamjua, yule mwingine hapana.

Nimeandika juu ya filamu kwa miaka kadhaa na sijawahi kuandika neno juu ya video za matanga, ambazo ndizo filamu zinazotazamwa zaidi na watu ninaowajua. Homa Bay na Migori hazina jumba la sinema la kujivunia. Zina mafundi wa video. Kila mji, kuanzia Mbita hadi Isebania, una chumba chenye kompyuta moja, pazia zito, bango la arusi na mazishi, na kijana ambaye macho yake yamechoka. Anachotoa humo ni kazi ya saa tatu au nne: mwili unatolewa mochari, msafara, ng'ombe wanaokimbizwa kwenye tero buru kama familia bado inafuata, kwaya, wanasiasa, kaburi, sahani za wali. Ina droni siku hizi. Inatazamwa kijijini, halafu inapelekwa Nairobi, Mombasa, Minnesota, kwa yule ambaye hakupata nauli au ruhusa ya kazi. Kwa huyo, video siyo kumbukumbu ya mazishi. Ndiyo mazishi yenyewe, hana mengine.

Kwa hiyo swali la dani ni swali la uhakiki, na nadhani ni kali kuliko mengi tunayoulizana kwenye kurasa hizi. Video iliyotoka kwenye kamera na video iliyotoka kwa fundi zinapaswa kufanana rangi. Zisipofanana, nani alibadilisha, na alijua anabadilisha?

Kiswahili kinalichukulia jambo hili kwa uzito kuliko tunavyofikiri. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zina majina yao wenyewe. Karibu zote nyingine tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari, zambarau kwa tunda lake, kijivu kwa jivu. Ukimwambia mtu ni maji ya kunde unamwambia umewahi kuona sufuria ya kunde ikichemka na unajua maji yake yanafikia wapi kabla hayajawa meusi. Dholuo nayo ina silwal na rateng', na mwimbaji wa ohangla akitaka kumsifu mtu mbele za watu, huanzia hapo. Rangi ikihama kwenye video, jina linahama nayo. Dani hakusema picha imepauka. Alitaja jivu, na jivu kwenye uso wa aliyekufa lina maana ambayo hakuna aliyekusudia kuiweka pale.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu siku mbili baadaye nilienda kwa fundi tukafungua faili pamoja. Simtaji jina, na sina ugomvi naye. Ni kijana mwenye adabu, aliniita "jaduong'" mpaka nikajisikia mzee.

Picha ya video ya kawaida huandika mwangaza wa kila pikseli kwa namba kati ya 0 na 255. Ungedhani 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe. Kwenye kompyuta ndivyo. Lakini televisheni, tangu viwango vya dijitali vya mwaka 1982, huanza nyeusi kwenye 16 na kumalizia nyeupe kwenye 235, na nafasi inayobaki pande zote mbili ni ya akiba. Faili inatakiwa kusema inahesabu kwa njia ipi. Isiposema, au ikisema uongo, programu inabahatisha. Ikidhani faili ya televisheni ni ya kompyuta, nyeusi ya 16 inaachwa palepale badala ya kushushwa hadi 0, na kila kitu cheusi kinavaa vumbi. Hizo ndizo nywele za mama mdogo.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Programu ikidhani faili ya kompyuta ni ya televisheni, kila kilicho chini ya 16 kinazama kwenye nyeusi tupu, na kilichokuwa 25 kinashuka hadi karibu 10. Msomaji anaweza kusema, namba kumi na tano, kelele ya nini? Basi fikiria uso wa mama mweusi aliyeketi chini ya hema saa nane mchana, jua likiwaka nyuma yake kwenye uwanja. Kamera imejipima kwa uwanja. Uso wake uko chini kabisa ya ngazi: makunyanzi, mstari wa chozi, kope, vyote vinaishi kati ya 20 na 60 hivi. Ukikata hapo umekata kila alichokuwa anasema kwa uso wake. Mgeni mzungu aliyeketi safu ya mbele, ambaye ngozi yake iko juu ya katikati ya ngazi, atapita kwenye kosa lilelile na kutoka karibu mzima. Kosa ni moja kwa wote, gharama si moja.

Na hili si geni. Miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, picha za wanawake weupe zilizotolewa na Kodak kuanzia miaka ya 1950; uso wa Shirley ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliyeandika juu ya kadi hizo mwaka 2009, alielezwa na watu waliofanya kazi Kodak kwamba msukumo mmoja mkubwa wa kuboresha filamu kwenye rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa fanicha na chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya dani. Nacheka kila nikiikumbuka, halafu sicheki. Lakini sitaki kumsukumia Kodak mzigo wa chumba cha Rongo. Filamu ile ilikuwa na upendeleo ndani ya kemikali yake. Faili yetu haina. Kamera ya simu yangu ilimwona mama mdogo vizuri kabisa. Tuliompoteza ni sisi, njiani, kati ya simu na flashi.

Kosa letu, tuligundua, yalikuwa makosa mawili yaliyopandana. Simu nyingi mpya hurekodi kwa mtindo wa mwangaza mpana na rangi pana. iPhone zilianza kufanya hivyo zenyewe mwaka 2020, bila kumuuliza mwenye simu. Kipande kama hicho kikiingizwa kwenye mradi wa kawaida bila kugeuzwa, namba zake za rangi pana zinasomwa kama za rangi nyembamba, na kila rangi inasogea kuelekea kijivu. Nyekundu inakuwa ya kufuliwa. Ngozi inakuwa unga. Fundi aliona, akadhani simu yangu ni mbaya. Mimi niliona kwenye televisheni, nikadhani fundi ni mbaya. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu na hakuna aliyeuliza faili.

Nikamuuliza kwa nini hakurekebisha kwa jicho. Akageuza skrini ya kompyuta akanionyesha. Ameongeza mwanga mpaka mwisho kwa sababu mlango uko wazi na bati linaakisi jua. Ukiketi wima uso ni mweusi, ukiinama ni wa bluu. "Hapa jicho linadanganya, jaduong'," akasema. Ni kweli. Lakini programu yake ina kipimo cha mawimbi, kile kidirisha kinachochora mwangaza wote wa fremu kama grafu, na kipimo hakijali mlango wala bati. Alikuwa amekifunga ili apate nafasi ya vichwa vya maandishi vinavyozunguka.

Hapa ndipo nataka kubishana naye kidogo, na na wenzake wote, kwa sababu kuna mambo ya faili na kuna mambo ya ladha, na mara nyingi la pili linajificha nyuma ya la kwanza.

Chukua hema. Mazishi ya kwetu hufanyika chini ya hema za turubai, bluu, kijani, zambarau, wakati mwingine nyeupe zenye milia. Mwanga ukipita kwenye turubai la bluu, watu wote chini yake ni wa bluu kweli. Si kosa la kamera, ndivyo walivyokuwa. Jicho la aliyekuwepo lilizoea baada ya dakika moja na kuacha kuliona. Kamera iliyoachwa ijiamulie yenyewe nyeupe ni ipi inajaribu kuzoea pia, lakini kwa papara: mpiga picha anatembea kutoka hemani kwenda kaburini, na katikati ya hatua tano mjane anageuka kutoka bluu kwenda chungwa kwenda rangi yake. Nimeona video nzuri kabisa, yenye mkono uliotulia na sauti safi, iliyoharibiwa na matembezi hayo tu. Dawa yake ni karatasi nyeupe. Shika karatasi chini ya hema, iambie kamera hii ndiyo nyeupe, funga. Ukitoka nje, rudia. Ni sekunde kumi, na kwenye mazishi ya saa sita sekunde kumi zipo.

Au chukua Got Kwer, kule Migori, mlima mtakatifu wa Legio Maria, ambako Simeo Ondetto, mwanzilishi aliyefariki mwaka 1991, anaheshimiwa na mahujaji hadi leo. Ukiona waumini wakipanda unaona kanzu za rangi nyingi, na aliyevaa anajua kwa nini yake ni hiyo na si nyingine. Rangi pale ni maneno. Sasa video ya HD hutumia hesabu moja ya kugeuza rangi kuwa namba, ile ya kiwango cha 1990, na video ndogo ya zamani hutumia nyingine. Fundi akiipunguza video hadi mistari 480 ili ipite kwenye simu, na faili isibebe alama ya hesabu iliyotumika, vichezeo vingine vinaona udogo wake na kudhani ni ya zamani. Nyekundu inafifia kidogo, kijani kinapanda. Kinachonikera zaidi: nyeupe, nyeusi na kijivu hazibadiliki hata chembe. Fundi anayekagua kwa kuangalia kanzu nyeupe ataona kila kitu kiko sawa. Muumini aliyevaa rangi ndiye atakayeona amevalishwa kingine.

Haya ni makosa, na makosa yana dawa. Ladha ni ngumu zaidi. Fungua video yoyote ya kutangaza utalii wa pande hizi utaona ninachosema. Thimlich Ohinga, kuta za mawe makavu huko Migori ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018, ni mahali pa kijivu na kijani kilichokauka. Uzuri wake wote ni jiwe kukaa juu ya jiwe bila udongo, na vivuli vinavyoonyesha kila kiungo. Halafu mtu analeta droni, anamwagia juu yake fomula ya rangi aliyoipakua, vivuli vinakuwa vya samawati, nyasi zinakuwa za chungwa, na ghafla uko kwenye tangazo la gari. Ziwa nalo. Ghuba ya Homa Bay ina siku ambazo maji ni ya kijani kizito kwa sababu ya mwani, na siku ambazo gugumaji limefunga ufuko na kuchanua maua ya zambarau. Ni tatizo kwa wavuvi na ni rangi ya kweli. Kwenye video za matangazo ziwa ni la bluu kama bahari ya Malindi. Omena zilizoanikwa, ambazo kwa macho ni fedha inayokwenda kwenye rangi ya risasi, zinang'aa kama sarafu mpya.

Sisemi mhariri hana haki ya kubadilisha. The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, ya mwaka 2005, iliichemsha Kenya na kuitia Uingereza baridi, na unaweza kuipenda au kuichukia. Mimi sikuipenda sana, hasa ilipoweka wimbo wa Ayub Ogada, Kothbiro, wimbo wenye jina la mvua inayokuja, juu ya nchi iliyokaangwa namna ile. Lakini nilijua kuna mtu alikaa akaamua. Rafiki ya Wanuri Kahiu, mwaka 2018, inang'aa kwa waridi na zambarau kupita Nairobi yoyote niliyowahi kukanyaga, na inang'aa kwa sababu mkurugenzi anataka wapenzi wake wawe na mji unaowafurahia. Huo ni uamuzi, na nauhakiki kama uamuzi. Kile cha sebuleni kwa dani hakikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyekaa akasema, mama mdogo atapendeza akiwa wa kijivu.

Ingawa, tusijidanganye, kuna uamuzi mwingine unaofanyika kila siku na hausemwi. Ile picha kubwa ya marehemu inayowekwa mbele ya jeneza, yenye fremu ya maua. Studio ikiichapa huing'arisha. Hawakuulizi. Marehemu aliyekuwa rateng' maisha yake yote anasindikizwa na picha ya mtu mweupe kidogo kuliko mwanawe. Simu zinafanya hivyo pia, kwa kile kitufe cha urembo ambacho mara nyingi kimewashwa tangu dukani. Nilimuuliza fundi kama naye huongeza. Alisita. Akasema wateja wakiona mtu wao ni mweusi sana kwenye video wanalalamika kwamba picha ni mbaya, kwa hiyo huinua kidogo, "ili asilete maneno." Ndiyo maana hata kipande changu kilipotoka chepesi hakikumshtua. Kilikuwa kimekosea kuelekea upande aliozoea kukosea kwa makusudi.

Hilo ndilo lililonikalia kichwani nikirudi na bodaboda. Dani ana zaidi ya miaka themanini, macho yake yana mtoto wa jicho upande mmoja, na ndiye pekee sebuleni aliyeona. Sisi wengine, mimi mhakiki nikiwamo, tulikuwa tumekaa dakika tisa tukimtazama mtu wa kijivu na kufuta machozi.

Tulirenda upya siku ile ile. Kwanza tulikigeuza kipande kuwa cha rangi ya kawaida kabla ya kukiweka kwenye mradi. Kisha tukaangalia kila faili imeandikwa inahesabu vipi, na tukamwamuru kompyuta atoe kwa hesabu hiyohiyo, na alama yake iandikwe. Hakugusa mwangaza wa uso. Nilimwomba asiguse, akaheshimu. Halafu tulifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa mara ya kwanza: tulichukua fremu moja kutoka kwenye simu na fremu ileile kutoka kwenye video iliyotoka, tukaziweka bega kwa bega, tukazima taa, tukafunga mlango. Umeme ulipotea mara moja katikati, tukaanza tena. Kazi yote, ukiondoa umeme, haikufika saa moja.

Jumapili tuliketi tena kwa dani, watu wachache zaidi, maana watoto walikuwa wameshaichoka. Mama mdogo akatokea na gauni lake. Dani hakusema lolote juu ya ngozi. Aliangalia mpaka kipande kikaisha, akaomba kirudishwe, na safari ya pili akanyoosha kidole kwenye leso aliyofunga kiunoni, ya manjano yenye ukingo mweusi, ambayo mara ya kwanza hakuna aliyeiona kwa sababu ilikuwa imeungana na gauni.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Niliitafuta hata kabla ya matanga. Kumbe aliibeba."